Trela la boksi, trela la wazi au karavani kuukuu: uanzie na lipi kutengeneza kempa yako ndogo?

Ukishaamua unataka kempa ndogo, yaani kichumba cha kulala chenye magurudumu cha kuvuta nyuma ya gari, na kwamba hutaki kununua iliyokwisha tengenezwa kiwandani, swali la kwanza sio kitanda kikae wapi wala sola iwe wati ngapi, swali ni unaanzia na nini. Na hapo ndo watu wanakwama, miezi inapita mtu anaangalia picha tu, leo anataka hili kesho lile.

Njia ziko tatu. Ya kwanza trela la boksi, lile la mizigo lililofungwa pande zote, kuta za bati la alumini na milango nyuma. Ya pili trela la wazi, yaani chesisi (fremu ya chini inayobeba kila kitu), sakafu na labda kingo fupi, halafu we mwenyewe unajenga juu yake kichumba chepesi cha kulala. Ya tatu karavani kuukuu, kitu kilichotengenezwa toka mwanzo kwa ajili ya kulala watu, unakisafisha au unakibomoa ndani unakipanga upya. Mwisho wa siku zote tatu zinakupa kitanda chenye paa na magurudumu, ila shida zake hazifanani hata kidogo, na mimi naona unachochagua hapa ni shida ipi unaweza kuishi nayo. Rangi, makabati, taa, mapazia, hivyo vyote utabadilisha hata mwaka wa tatu. Uzito na uvujaji ndo vinakaa na wewe.

VIGEZO KWANZA

Uzito. Kila trela lina kibati kinachosema uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, trela pamoja na kila kitu kilichomo. Toa hapo uzito wa trela likiwa tupu, kinachobaki ndo nafasi yako ya mbao, godoro, betri, maji na nguo. Halafu fungua kitabu cha gari, utakuta kikomo cha kuvuta, mara nyingi namba mbili, moja ya trela lenye breki na nyingine ya lisilo na breki, na hiyo ya pili huwa ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kuna na uzito unaokalia ndoano ya gari, huu wengi hawaupimi kabisa. Ukiwa mdogo mno trela linaanza kuyumba mkia ukiwa kwenye mwendo, na likishaanza kuyumba kulituliza ni kazi, ukiwa mkubwa mno gari linalala nyuma na matairi ya mbele yanakosa mshiko. Marekani wanashika asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela lililojaa, Ulaya wanakwenda chini ya hapo, na ndoano yenyewe ina kikomo chake usikivuke. Kwa maneno mengine vitu vizito vikae chini, karibu na ekseli (ule mhimili wa magurudumu), kidogo mbele yake, kamwe visirundikwe nyuma.

Maji. Mvua ikiingia unaijua asubuhi, lakini ile inayoingia kidogo kidogo ndani ya ukuta unaijua baada ya miaka miwili, ukuta ukiwa umeshaoza.

Joto, baridi na jasho la kuta. Watu wawili wakilala ndani ya kisanduku kilichofungwa wanatoa nusu lita ya maji au zaidi kwa usiku mmoja, kwa pumzi na ngozi tu, na maji hayo yanatafuta sehemu yenye baridi yakatulie.

Nafasi. Urefu wako ukiwa umelala na ukiwa umesimama. Pima kweli kwa tepu, usikadirie.

Kazi. Vifaa ulivyonavyo, pa kufanyia kazi mvua ikinyesha, na muda, manake kuna watu wanapenda kujenga kuliko kusafiri na hakuna ubaya, ila ujijue.

Karatasi na usalama. Trela limesajiliwa kama nini, bima inalitazamaje, na je ukiwa ndani unaweza kutoka.

TRELA LA BOKSI

Uzito: Dogo la futi 5 kwa 8 (mita 1.5 kwa 2.4) likiwa tupu linacheza kwenye kilo 400 hadi 450, la futi 6 kwa 12 (mita 1.8 kwa 3.7) linakwenda 550 hadi 650. Marekani mengi ya ekseli moja yameandikwa pauni 2,990, karibu kilo 1,356, na namba hiyo haikuja bahati mbaya, majimbo mengi yanaanza kudai breki kwenye pauni 3,000. Kwa hiyo trela lenyewe lina nafasi ya kubeba, kinachokuwekea mpaka ni gari lako. Na kuna upepo pia, boksi lina uso mpana ulio wima, gari dogo linaweza kulivuta kwa hesabu za kilo na bado likahema kwenye mlima na kunywa mafuta kama halina akili. Pua ya pembe mbele inasaidia kidogo, faida yake kubwa ni nafasi ya ziada ya kuweka vitu.

Sasa hapa kwenye mbao ndo watu wanaharibu. Chukua hilo la 6 kwa 12, ukivalisha kuta na dari plaiwudi ya milimita 12 unatumia kama shiti nane, kila shiti karibu kilo 20, tayari umeongeza kilo 160 na hata kitanda hujaweka. Ukitumia ya milimita 5 kazi ileile inakuja kama kilo 65. Ukuta wa ndani haubebi kitu, unafunika tu, hauhitaji kuwa mnene, sehemu ya kufungia kabati weka kipande cha mbao nyuma yake basi.

Maji: Mengi yana paa la bati moja lisilo na maungio katikati, hiyo ni bahati kubwa. Yanavuja kwenye kingo za paa, kwenye taa ndogo za pembeni na kwenye mlango wa nyuma. Namna ya kulikagua ni rahisi, ingia ndani mchana jua kali, mwenzio akufungie milango kwa muda, utazame wapi mwanga unapenya, halafu atoke na mpira wa maji amwagie kuanzia chini kupanda juu wakati we uko ndani na tochi. Baada ya hapo tatizo linakuwa wewe mwenyewe, kwa sababu utatoboa. Tundu la feni ya paa (kipimo kilichozoeleka ni inchi 14 kwa 14, kama sentimita 35.5), madirisha, nyaya za sola. Kila tundu liwekwe tepu ya butili (utepe wa mpira laini unaonata) chini ya fremu, kisha silanti ya paa (dawa ya kuziba maungio) juu yake. Silikoni ya kawaida ya bafuni achana nayo, sio kwamba haizuii maji, inazuia, ila ikichoka hakuna kitu kinachoshika juu ya mabaki yake, hata silikoni nyingine haishiki.

Joto na jasho: Huu ndo udhaifu wake. Bati la ukuta halifiki hata milimita moja, na nyuma yake kuna mbavu za chuma zinazopitisha joto na baridi moja kwa moja, asubuhi ya baridi utaona mistari ya maji imejichora palepale mbavu zilipo. Dawa ni povu gumu la shiti, milimita 25 kati ya mbavu, na ukiweza ukanda mwembamba wa povu hilohilo juu ya mbavu zenyewe kabla ya kuweka plaiwudi. Ile pamba ya kioo sishauri, mtikisiko wa barabara unaishusha na inashika unyevu ndani ya ukuta usikoona. Ila elewa kwamba povu halitoi unyevu, linapunguza tu sehemu za baridi, kinachotoa unyevu ni hewa, feni juu na tundu la kuingizia hewa chini. Na kama utakuwa sehemu za jua, nunua jeupe. Jeusi linapendeza kwenye picha.

Nafasi: Kuta zimenyooka, pembe ni mraba, kila kitu unachokata kinakaa. La futi 6 upana mara nyingi unasimama ndani, la futi 5 kwa 8 mengi yana kimo cha mita 1.5 hivi, unaingia umeinama. Angalizo moja linalowatoa watu machozi, futi 6 ya nje ndani ni kama sentimita 175 hadi 178, na ukiweka povu na plaiwudi inapungua tena, kwa hiyo mtu wa sentimita 172 kwenda juu hawezi kulala kwa kukatiza upana, itabidi kitanda kiende kwa urefu na kinakula nusu ya chumba. Jilaze ndani kabla hujalipa, muuzaji akicheka acha acheke.

Mlango wa nyuma uko wa aina mbili. Ule unaoshuka kama daraja unakupa baraza nzuri na unaweza kuingiza pikipiki, ila ni mzito na sehemu yake ya chini ndo inapenda kuvuja. Milango miwili ya kufunguka pembeni ni myepesi na inaziba vizuri zaidi.

Kazi: Nusu ya kazi imeshafanyika. Ganda lipo, wiki ya kwanza unatupa godoro sakafuni unalala, mengine unaongeza ukishajua unahitaji nini. Vifaa ni drili, jigso, bunduki ya ribiti na uvumilivu wa kawaida. Faida hii watu wanaidharau sana, mtu ananunua trela leo anafunga makabati kesho, kumbe angelala humo mara kadhaa angejua hayahitaji.

Karatasi na usalama: Matrela haya yametengenezwa kwa mizigo, komeo liko nje. Mtu yeyote anaweza kukufungia ndani, kwa utani au kwa ubaya, na moto ukitokea huna pa kutokea. Kitu cha kwanza kabla ya hata godoro ni kitasa cha mlango wa pembeni kinachofunguka kwa ndani, na dirisha moja ambalo mwili wako unapita, upande mwingine wa chumba. Uliza pia bima, trela la mizigo likishakuwa la kulala baadhi ya kampuni zinaliona ni kitu kingine, na baadhi ya kambi hazipokei vitu vya kujitengenezea.

Linamfaa nani: Mwenye gari la nguvu kiasi, anayetaka kuanza kusafiri mapema na kujenga polepole, na hasa mwenye baiskeli, pikipiki au vifaa vya kazi ambaye siku nyingine anataka lirudi kuwa la mizigo. Pia anayependa kupaki bila kuvuta macho ya watu, kwa nje ni trela la mizigo tu.

TRELA LA WAZI NA KICHUMBA CHAKO

Uzito: Hii ndo nyepesi kuliko zote. Trela dogo tupu ni kama kilo 120 hadi 250, ukijenga vizuri jumla unaweza kubaki chini ya kilo 500 na vitu vyako ndani. Hata gari dogo linavuta, na sehemu kama Ulaya ambako trela lisilo na breki linaishia kilo 750 unakuwa na nafasi ya kupumua. Kwa sababu kichumba ni kifupi kinajificha nyuma ya gari, upepo hausumbui sana. Kasoro ni springi, trela lililotengenezwa kubeba mzigo mkubwa likibeba mdogo linarukaruka, na kuruka huko ndo kunalegeza maungio uliyoyafanya kwa mikono yako.

Maji: Kila ungio ni lako, hakuna wa kumlaumu. Plaiwudi inakunywa maji kwenye kingo zilizokatwa kuliko usoni, kwa hiyo kila ukingo upakwe epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya) au rangi nzito kabla haujafungwa, na upande wa chini ya sakafu ambao hakuna atakayeuona upakwe kuliko pote, matairi yanarusha maji huko safari nzima. Kuna njia nyingine wanaipenda wajenzi wa bajeti ndogo, unajenga kuta kwa povu gumu la shiti, halafu unavalisha juu yake turubai la pamba kwa gundi ya mbao isiyopitisha maji na kumalizia na rangi ya nje, matabaka kadhaa. Inasikika kama mchezo ila inakaa, ni nyepesi ajabu, na ikichubuka unabandika kiraka. Mtihani mkubwa ni mlango wa mkia, ule unaoinuka nyuma ukakuta jiko. Bawaba ndefu ya juu isipokuwa na kifuniko cha mpira, maji yatapita hapo, sio labda.

Joto na jasho: Kuta za povu zisizo na mbavu za chuma zinashinda boksi kirahisi, na chumba chenyewe ni kidogo kiasi kwamba miili miwili inakipasha. Ubaya ni uleule uzuri, udogo. Hewa inaisha utamu haraka na unyevu unapanda haraka, weka matundu mawili, moja juu moja chini, yasiyozibika hata ukitaka.

Nafasi: Kulala tu. Umbo la tone la maji lililoanza kujengwa Marekani miaka ya 1930 linafuata saizi ya shiti ya plaiwudi, futi 4 kwa 8, yaani mita 1.22 kwa 2.44, na kimo ndani kama mita 1.2. Unakaa, husimami. Suruali unavaa umelala chali. Kupika ni nje, kwenye mkia. Siku yenye jua hakuna kitu kitamu kama hiki, ikinyesha siku mbili mfululizo mtazoeana au mtagombana, na mwenye hofu ya sehemu finyu asijidanganye kwamba atazoea.

Ukiongeza upana mpaka futi 5 kitanda kinakuwa cha wawili kweli, kwa futi 4 ni wawili wanaopendana sana.

Kazi: Nyingi. Unahitaji sehemu yenye paa ya kuacha kazi ikauke, gundi na epoksi havisubiri mvua iishe. Mikunjo ya paa inachukua muda kuliko ulivyopanga, ukitaka kujirahisishia acha umbo la tone jenga lenye paa la mteremko mmoja, halipendezi sana ila kila mtu mwenye msumeno anaweza. Na kichumba kifungwe kwenye chesisi kwa bolti zinazopita mpaka chini zenye washa pana, usitegemee skrubu za mbao, kwenye barabara kuu upepo unakinyanyua. Kuna wanaokifunga kwa bolti nne sita hivi ili kiweze kuinuliwa, trela likarudi kubeba mchanga, hilo wazo nalipenda.

Karatasi na usalama: Kichumba kisifunike taa, indiketa wala namba. Kwingine chombo cha kujijengea kinatakiwa kukaguliwa kabla ya kuingia barabarani, uliza kabla ya kununua hata mbao moja. Upande wa kutoka ni salama zaidi, wengi wanaweka milango miwili, kila anayelala ana wake.

Linamfaa nani: Mwenye gari dogo, anayesafiri peke yake au na mwenza, hali ya hewa nzuri, na ambaye kujenga kwenyewe ni nusu ya starehe.

KARAVANI KUUKUU

Uzito: Ndogo za zamani zinaanzia kama kilo 600 hadi 1,000 tupu. Kitu cha ajabu ni kwamba nafasi iliyobaki ya mizigo inaweza kuwa ndogo kuliko ya boksi, zilipimwa karibu na kikomo tayari zikiwa na makabati. Ukibomoa ndani na kujenga upya kwa mbao nene unaweza kuvuka kikomo kabla ya kuweka hata godoro. Nyingi zina breki, hiyo ni faida, mradi zifanye kazi.

Maji: Hapa kaa kidogo, manake ndo mahali pa kupotezea hela. Zile za zamani zina mifupa ya mbao ndani ya ukuta, bati nje, plaiwudi nyembamba ndani. Maji yanaingia juu kwenye kona au pembeni ya dirisha, yanashuka ndani ya ukuta, yanaozesha mbao za chini, na kwa nje huoni kitu. Bonyeza kwa kidole gumba kona zote nne juu na chini, pembeni ya kila dirisha, ndani ya makabati, chini ya viti. Tembea polepole karibu na mlango usikilize sakafu kama inabonyea. Harufu ya unyevu ukifungua tu mlango ni jibu tosha. Ukipata kipima unyevu cha mbao tumia, chini ya asilimia 15 tulia, ikivuka 20 hapo kuoza kunawezekana na unatakiwa kujua maji yanatoka wapi. Rangi mpya ndani ya karavani ya zamani inanipa wasiwasi kuliko madoa, madoa angalau yanasema ukweli. Ukuta wa faibaglasi wenye malengelenge umeachana na mbao zake.

Kona moja iliyooza haiishii kuwa kona moja, ukifungua unafuata uozo mpaka utakapokuta mbao nzima, na hapo unaweza kuwa umebakiza chesisi. Kuna zile za faibaglasi zilizotengenezwa kwa vipande viwili vikubwa kama ganda, zina maungio machache, zikipatikana zinastahili safari ndefu ya kuzitazama.

Joto na jasho: Ina povu jembamba ukutani tayari, madirisha yanafunguka, matundu ya hewa yapo. Hujafanya kitu tayari unaishi vizuri kuliko kwenye boksi tupu. Usizibe matundu ya sakafuni eti kwa sababu yanaingiza baridi, yaliwekwa kwa ajili ya gesi na pumzi.

Nafasi: Hapa inaziacha nyingine mbali. Unasimama, unakaa mezani, kitanda kinageuka viti, kuna kabati la kila kitu. Aliyeichora alifikiria mwili wa binadamu, hilo kwenye boksi itabidi ulifikirie mwenyewe.

Kazi: Ama ndogo sana ama haina mwisho, katikati ni nadra. Ikiwa kavu, unasafisha, unabadilisha vitambaa, unaondoka. Ikiwa na maji ndani ya kuta, hiyo ni kazi ya useremala sio ya kupamba. Nyaya zilizoongezwa na wenye nayo wa zamani, kila mmoja kwa akili yake, mara nyingi ni bora kung'oa zote kuliko kuzifuatilia. Mipira ya gesi inazeeka na ina tarehe, mfumo mzima upimwe na fundi anayejua gesi kabla hujawasha hata jiko.

Halafu matairi. Karavani inakaa miaka imepaki, matairi yana kashata zote unasema mapya, kumbe yameshakauka. Ubavuni kuna namba ndefu, tarakimu zake nne za mwisho ndo tarehe ya kutengenezwa, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yakipita miaka sita saba hivi badilisha bila kubishana nayo. Beringi za magurudumu nazo zifunguliwe zipakwe grisi kabla ya safari ya kwanza, na hili liwe kwa trela lolote, sio karavani peke yake.

Karatasi na usalama: Imesajiliwa kama karavani, bima inaielewa, kambi inaipokea. Ila hakikisha namba ya chesisi inalingana na karatasi, ukiwa umepiga magoti pale pale kwa muuzaji, sio baadaye.

Inamfaa nani: Familia, wanaokaa sehemu moja siku nyingi, wanaotaka kusimama ndani na kupika mvua ikinyesha, na anayejua kukagua au ana rafiki fundi wa kwenda naye.

UMEME NA MOTO, KWA ZOTE TATU

Hapa hakuna tofauti kubwa kwa hiyo usiruhusu umeme ukuchagulie trela. Taa za LED, simu na feni vinaendeshwa na betri moja ya volti 12 ya Ah (ampea-saa) 100. Ya asidi unatumia nusu yake tu ikiwa unataka idumu, na ina uzito wa kilo 27 hadi 30. Ya lithiamu chuma fosfeti unatumia karibu yote, kama Wh (wati-saa) 1,280, kwa kilo 12 hivi, ila haichajiwi ikiwa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0. Friji ya kompresa ndo mlaji mkubwa, Wh 300 hadi 600 kwa siku kutegemea joto, na paneli ya wati 100 kwenye jua zuri inarudisha kama Wh 300 hadi 500, hesabu ndo hiyo. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Kwa kichumba cha kulala tu, wala usiweke friji.

Moto wa kupikia uwe nje, hasa kwa boksi na kichumba kidogo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia sakafuni ulipolala. Mkaa ndani usithubutu, hata umebaki makaa tu, kaboni monoksidi haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. King'ora cha kaboni monoksidi, cha moshi, na mtungi wa kuzimia moto karibu na mlango.

UCHAGUE VIPI KWA HALI YAKO

Gari lako linaruhusiwa kuvuta chini ya kilo 750: mjadala umeisha kwa upande wa karavani nyingi, na boksi ni lile dogo kabisa ukijibana sana kwenye mbao. Trela la wazi ndo linakupa raha.

Uko na watoto: karavani, ukipata kavu. Usipoipata kavu, boksi la futi 6 kwa 12 lenye vitanda vya juu na chini linafanya kazi, mradi kuna milango au madirisha mawili ya kutokea.

Unakaa nyumba ya kupanga, huna pa kujengea: boksi, kwa sababu karakana yako ni boksi lenyewe, unafungia vifaa ndani unaendelea kesho. Kujenga kichumba cha mbao nje bila paa ni kujitafutia mbao zilizopinda.

Unaenda sehemu za baridi kali: karavani yenye povu na hita iliyokaguliwa, au kichumba cha povu kama ni wawili. Boksi linawezekana ila fanya kazi ya mbavu na hewa kwanza, kabla ya kabati lolote.

Barabara mbovu, vumbi na mawe: kichumba kifupi au boksi. Karavani kuukuu haikujengwa kwa mtikisiko huo, skrubu zinatoka zenyewe na maungio ya paa yanafunguka, hata ile iliyokuwa kavu inaanza kuvuja.

Unasafiri wikendi chache kwa mwaka na trela ungelitumia kwa kazi siku nyingine: boksi lenye kitanda cha kukunja ukutani, au trela la wazi lenye kichumba cha kuinuliwa. Karavani itakaa imepaki inazeeka matairi.

Hujawahi kabisa kulala kwenye kitu cha kuvuta: kodi au azima, hata boksi tupu lenye godoro, usiku wa mvua na usiku wa joto. Na yoyote utakayoishia kuijenga, kabla ya safari ya kwanza ipeleke kwenye mzani wa magari ikiwa imejaa kila kitu, maji kwenye madumu, nguo, viti, vyote, ipime jumla na upime na mkono wake wa mbele peke yake, ule uzito unaokalia ndoano. Namba zikikataa, anza kutoa plaiwudi.